Somo la Majilio: Nani Aliyeupamba Mti Huu?



Kwa somo la mwezi huu twawaomba mfungue Injili ya Mathayo mahali pawili. Kwanza sura ya 5, aya ya 14 hadi 16. Kisha sura ya 6, aya ya 1 hadi 4. Msiende haraka. Wanaosoma kwa vikundi, mmoja asome kwa sauti, wengine wafunge vitabu na kusikiliza, kama tulivyokuwa tukiwaagiza wanachuo wetu zamani.

Mkimaliza mtaona kuna jambo la kutatiza. Mahali pa kwanza Bwana wetu awaambia wanafunzi wake waiache nuru yao ionekane, watu wayaone matendo yao mema. Mahali pa pili, katika mafundisho yale yale ya mlimani, awaonya wasitende wema ili watazamwe, na tena sadaka iwe ya siri kiasi kwamba mkono mmoja usipate habari za mwenzake. Basi tufanye lipi? Tuonekane au tujifiche?

Hatuulizi kwa ajili ya mtihani. Kama mlivyosikia katika matangazo, Halmashauri ya Mtaa wetu inalo pendekezo kwamba Krismasi hii tupambe stendi ya mabasi, lango la soko na zahanati, na kila mahali tutundike kitambaa kikubwa chenye jina la Mtaa. Litajadiliwa baada ya ibada, Jumapili ya tatu ya Majilio. Wako wanaolitaka sana, wako wasiolitaka kabisa, na maneno yameanza kuwa makali, hata baina ya watu wanaokaa benchi moja kanisani. Kabla ya kupiga kura twaona yafaa tutazame watu wengine waliopamba mahali pa watu wote, na yaliyofuata.

Tuanze mbali. Katika jimbo la Arizona, nchini Marekani, iko barabara kuu itokayo mji wa Phoenix kwenda Flagstaff, iitwayo Interstate 17. Ni barabara ya njia mbili zilizotengwa, ya kwendea na ya kurudia, na katikati yake umeachwa ukanda wa ardhi kavu. Karibu na mahali paitwapo Sunset Point, katika ukanda ule, umeota mti mmoja wa jamii ya mtarakwa wetu, ule unaoota katika milima ya Usambara na ambao zamani mbao zake zilitengenezewa penseli. Si mti mzuri wa kupendeza. Hakuna nyumba karibu, wala duka, wala kanisa. Magari hupita kasi pande zote mbili.

Kwa zaidi ya miaka 30, kila ifikapo wakati wa Krismasi, wasafiri huukuta mti ule umepambwa kwa mapambo yang'aayo tangu chini hadi juu. Sikukuu zikiisha, siku moja wasafiri hupita na kuukuta mtupu kama ulivyokuwa. Idara ya barabara ya jimbo lile imesema wazi kwamba si kazi yake. Huwaomba tu madereva wasisimame kutazama, maana kusimama katika barabara ya namna ile ni kutafuta ajali.

Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Aliyepamba hasimami pale kupokea asante. Anayetazama hawezi kusimama kushukuru. Dereva wa lori aliyetoka usiku kucha, au mtoto aliye kiti cha nyuma, huuona mti kwa muda wa kuhesabu moja hadi tano, kisha umepita. Wala tusisahau kazi ya pili, ambayo wapambaji wengi hukimbia: kuna mtu anayerudi kuyaondoa. Sisi tuliosimamia sherehe za shule kwa miaka mingi twajua kwamba wa kutundika huwa arobaini, na wa kutundua huwa mwalimu wa zamu.

Kutoa kwa siri wakati wa Majilio si desturi ya juzi. Tarehe 6 Desemba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Nikolao, aliyekuwa Askofu wa Myra, katika nchi iitwayo sasa Uturuki, katika karne ya 4. Mapokeo, nayo ni mapokeo wala si Maandiko, yasema kwamba palikuwa na baba mmoja aliyefilisika, mwenye binti watatu asioweza kuwaoza kwa kukosa mali, na aibu kubwa ilikuwa ikiwangoja. Usiku mmoja mfuko wa dhahabu ukatupwa ndani kwa dirisha. Baadaye ukaja wa pili. Kwa hiyo yule baba akakesha. Mfuko wa tatu ulipoanguka alitoka mbio, akamkamata mtoaji, akamtambua ni Nikolao. Na Nikolao akamsihi asimwambie mtu maadamu yeye yu hai.

Watu wengi husimulia habari hii kwa ajili ya dhahabu. Sisi twataka mmwangalie yule baba anayekesha. Kwa nini alikesha? Hakuwa mwizi wala mdaku. Alikuwa amepewa kitu kikubwa, na moyo wa mtu aliyepewa hautulii mpaka ujue wa kumshukuru. Hapa kikundi kisimame kidogo, kila mtu ajiulize: wewe ungelala? Mkae na swali hilo, kwa sababu tutalirudia tukifika nyumbani.

Sasa twende New York. Mwaka 1931 Marekani ilikuwa katika shida kubwa ya uchumi, na mamilioni ya watu hawakuwa na kazi. Katikati ya mji huo palikuwa panajengwa majumba makubwa ya Rockefeller Center. Wakati huo hayakuwa majumba bado. Yalikuwa mashimo, vifusi na matope. Wafanyakazi wa pale walijiona wenye bahati kwa kuwa na mshahara. Wakachanga fedha zao wenyewe, wakanunua msonobari wa futi 20, yaani mita 6 hivi, wakausimamisha katikati ya uwanja ule wa ujenzi siku ya mkesha wa Krismasi. Mapambo hayakuwa ya dukani. Jamaa zao walitunga vitunda vyekundu katika nyuzi, wakatengeneza minyororo ya karatasi, na inasemekana yalikuwapo hata makopo ya bati. Iko picha iliyopigwa siku hiyo: wanaume wa kazi, katika makoti na kofia, wamepanga mstari mbele ya mti wakingoja kulipwa. Wale waliowahi kusimama katika mstari wa mshahara tarehe 24 Desemba, bila kujua kama Januari jina lao litakuwapo tena, wataielewa picha hiyo kuliko sisi tuwezavyo kuieleza.

Mwaka 1933 wenye majumba waliweka mti wa kwanza ulio rasmi, wa futi 50, wenye taa 700. Tangu hapo desturi haikukatika. Siku hizi taa zake huzidi 50,000, juu yake iko nyota ya vioo vya thamani, na watu husafiri kutoka nchi za mbali kwenda kuutazama.

Tusiwe wepesi wa kuwabeza. Mti mkubwa huwafurahisha wengi kuliko mdogo. Tena tangu mwaka 2007 mbao za mti ule hutolewa kila mwaka kusaidia kazi ya kuwajengea nyumba wasio na uwezo, jambo ambalo wale wafanyakazi na vitunda vyao wasingeweza kulifanya. Mwenye mali akipamba kwa jina lake si lazima awe amekosa. Lakini kuna kitu kimoja kilichobadilika kati ya 1931 na 1933, nacho hakihusu urefu wala taa. Ule wa kwanza watu waliusimamisha mahali walipokuwa wakichoka wenyewe, kwa ajili ya wenzao waliochoka nao. Ule wa pili uliwekwa ili watu waje. Hata leo habari ya mti wa 1931 husimuliwa zaidi kwa jina moja tu, wafanyakazi, na jina hilo lawatosha.

Uingereza nako, hasa tangu mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, imeenea desturi ya kuyavika kofia masanduku ya posta. Wazee wenzetu watakumbuka masanduku mekundu ya chuma, mviringo, yaliyosimama kando ya njia. Asubuhi ya Desemba watu hukuta juu ya sanduku Mariamu, Yusufu, mtoto na wachungaji, wote wamefumwa kwa uzi wa sufu. Huenda mfumaji akawa bibi wa nyumba ya pili, asiyeonekana akija wala akienda. Kabla ya hapo, mwaka 2012, katika mji wa pwani uitwao Saltburn, watu waliamka wakakuta ukingo wa gati umepangwa wanamichezo wadogo wa sufu, kwa kuwa mwaka ule Michezo ya Olimpiki ilikuwa London, na mji mzima ukabaki ukiulizana ni nani. Twasikia pia kwamba baadhi ya kofia zile zimeibiwa na nyingine zimeharibiwa. Kitu kisicho na mwenyewe hakina mlinzi. Hilo nalo wenye pendekezo la kitambaa wanalisema, na wanasema kweli.

Sasa turudi nyumbani, na hapa tunalo la kuungama.

Siku ya Jumamosi, tarehe 23 Desemba 2017, tulikwenda pamoja na wengine kuuchukua mwili wa mzee mwenzetu katika hospitali moja. Nje ya chumba cha maiti pana mwarobaini, na chini yake benchi la saruji ambapo jamaa hungojea. Mnaofahamu kungojea kwa namna ile hamhitaji kuelezwa. Watu hawazungumzi, hutazama chini au hutazama mlango. Siku ile watu walikuwa wametazama juu. Katika matawi ya mwarobaini zilining'inia nyota, twakisia thelathini au zaidi, zilizokatwa kwa karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti za majani ya chai, na kati yake vishada vya maua mekundu ya mkrismasi. Mkrismasi, kwa wasiojua, asili yake ni Bukini, yaani Madagaska, nao hutoa maua yake huku kwetu majira haya, pasipo mtu kuuambia. Upepo ulipovuma zile nyota zilifanya sauti ndogo. Mama mmoja, ambaye mtoto wake alikuwa ndani, alizitazama kwa muda mrefu, kisha akajifunika uso kwa khanga akalia kwa sauti. Tulikuwa tumemwona kimya tangu tulipofika.

Tulimwuliza mlinzi. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Hata sisi tumezikuta asubuhi." Mhudumu wa chumba cha maiti alisema hivyo hivyo.

Mwaka wa pili, 2018, zikawapo tena. Safari hii hatukuwa na msiba. Tulikwenda kwa makusudi ya kutazama. Na kwa kuwa mwalimu ni mwalimu hata akistaafu, tuliiteremsha nyota moja tukaikagua. Ilikuwa na mistari ya makunjo, yote ikitoka katikati. Moyo ukaruka. Ndivyo tulivyokuwa tukifundisha katika Kazi za Mikono: karatasi huikunja mara mbili, kisha sehemu tano, halafu mkasi mara moja tu, mshazari, na nyota ya pembe tano hutoka imekamilika. Basi mwenye nyota alikuwa mwanachuo wetu, au mwanafunzi wa mwanachuo wetu! Hebu fikirini furaha yetu. Tena msifikirie furaha tu, fikirini na majivuno, maana nayo yalikuwapo.

Jumapili ya Epifania, tarehe 6 Januari 2019, tuliomba nafasi wakati wa matangazo. Tukaeleza habari za mwarobaini, tukaeleza habari za makunjo, tukasema kwamba twaamini mtu huyo yumo humu kanisani, na tukamwomba asimame tumpigie makofi. Kanisa likawa kimya. Watu wakageuka kutazamana. Vijana wawili watatu wakaanza kunong'ona majina. Tukasema tena, "Asiogope, asimame." Hakusimama mtu. Tuliketi tukidhani tumetenda jambo jema ambalo halikufaulu.

Jumatatu, tarehe 23 Desemba mwaka ule ule, tulikaa wenyewe juu ya lile benchi la saruji. Aliyekuwa ndani alikuwa ndugu yetu mdogo, kitinda mimba wa mama yetu. Tulingoja tangu saa mbili asubuhi mpaka karibu saa tano. Mwarobaini ulikuwa mtupu. Hatukuwa tumefahamu, mpaka saa ile, jinsi tulivyokuwa tumetazamia kuziona.

Mwaka uliofuata pia ulikuwa mtupu.

Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba sababu ilikuwa tangazo letu. Huenda aliugua, au alihamishwa kikazi. Lakini tumelifikiri sana jambo hili, na ndiyo sababu tuliomba tuandike somo la mwezi huu. Yule baba wa binti watatu alikesha ili ashukuru. Alipoombwa anyamaze, habari zasema alikuwa peke yake gizani na Nikolao. Sisi tulikesha, tena mbele ya watu mia mbili. Na tukijichunguza, hatukutaka tu kushukuru. Tulitaka isikike kwamba nyota zile zilitoka katika mkono wetu.

Sasa turudi kwa Mathayo. Twadhani sura ya 5 na sura ya 6 hazigombani. Soma tena mwisho wa aya ya 16: watu wanapoyaona matendo mema, sifa yaenda wapi? Yaenda kwa Baba. Soma tena 6:2: mpiga panda sifa yake yaenda wapi? Yabaki kwake, na hiyo ndiyo malipo yake yote. Nyota za mwarobaini zilionekana na kila mtu. Hazikufichwa hata kidogo, zilitundikwa mchana kweupe mahali pa wazi. Kilichofichwa ni mkono. Nuru ilikuwa juu ya kinara, na aliyeiwasha alikuwa amekwenda zake. Kwa hiyo yule mama aliyejifunika khanga hakuwa na mtu wa kumshukuru pale, naye akalia mbele za Mungu. Hilo twaliona ni tofauti na kulia mbele ya kitambaa chenye jina la Mtaa.

Haya ni maoni yetu tu, wala msipige kura kwa sababu Mwalimu amesema. Wenye pendekezo wana hoja nzuri. Jina likiwapo, kuna wa kuulizwa waya ukilegea, karatasi zikizagaa, au mbuzi akila nailoni akafa. Mahali pa serikali hapapambwi bila ruhusa, na ruhusa huombwa kwa jina. Kwa stendi na soko sisi tungekubali, na kitambaa kiwe kidogo. Lakini zahanati na hospitali, mahali watu wanapokwenda wakiwa wameumizwa, tungeomba Halmashauri ipaache. Isipangie kamati wala fungu. Vikundi vijadili: je, Mtaa waweza kutoa kitu bila kujulikana kwamba ni Mtaa, au jambo hilo lawezekana kwa mtu mmoja mmoja tu? Na mkitoka hapo mjadili la pili, lililo gumu zaidi: tumekosa nini, sisi tupokeao, tunaposhindwa kupokea bila kumjua mtoaji? Injili haikutuambia majina ya mamajusi, wala idadi yao, wala jina la mwenye hori.

Krismasi ya mwaka 2022 tulikuwa tukipita zahanati. Wale akina mama mnafahamu ile mizani ya kupimia watoto, inayotundikwa katika tawi la mwembe siku za kliniki. Kuizunguka, katika tawi lile lile, zilikuwa zimening'inizwa nyota za karatasi ya fedha. Hazikuwa nyingi. Mtoto mmoja aliyekuwa akipimwa, badala ya kulia kama wenzake, alikuwa amezinyoshea mikono yote miwili.

Mzee mmoja wa kanisa tuliyekuwa naye akatushika mkono. "Mwalimu," akasema, "wewe ndiwe mjuzi wa mambo haya. Hebu sogea uzitazame. Si mkono ule ule?"

Tukamjibu kwamba miwani tumeisahau nyumbani. Padre atuwie radhi. Ilikuwa mfukoni.